Mikwaruzo ya Gari Isilipwe kwa Mshahara wa Kibarua



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya mishahara, likizo na nyumba za wafanyakazi. Leo tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wengine watalicheka mwanzoni, nalo ni kazi ya kuondoa mikwaruzo midogo katika rangi ya gari kwa mashine ya polishi. Tunaomba msicheke. Ndani ya jambo hilo dogo mna mshahara wa mtu, mna afya ya mtu, na mna dhuluma ile ile inayompata mchumaji wa chai shambani na mwenzake anayesimama mbele ya mashine kiwandani.

Hapa Nchelenge, kuanzia Boma mpaka sokoni Kashikishi, magari yameongezeka. Yapo ya serikali, yapo ya mashirika, yapo ya wafanyabiashara wa samaki, na yapo yale yaliyokwisha tumika Japani ambayo huteremshwa bandarini Dar es Salaam na kuingia kwetu kwa njia ya Tunduma na Nakonde. Penye magari pana waoshaji, na siku hizi penye waoshaji hapakosi mashine ya polishi. Vijana wanaoishika mashine hiyo wengi hawana mkataba. Wanalipwa kwa gari. Baadhi yao ni ndugu zetu wa ng'ambo ya ziwa, kutoka Pweto na Kilwa ya Kongo, na wengine wametoka makazi ya wakimbizi ya Mantapala yaliyofunguliwa mwaka 2018. Kwa hao Kiswahili ndiyo lugha ya kazi, na ndiyo sababu maneno haya tunayaandika katika sehemu hii ya gazeti letu.

Malalamiko yanayotufikia yanafanana sana. Gari jeusi linaletwa, limejaa mikwaruzo ya duara kama utando wa buibui. Tajiri anamwambia kibarua: "Piga mashine, jioni mwenyewe anakuja kulichukua." Kibarua anapiga. Kesho yake mwenye gari analitazama juani, anaona miviringo ile ile, au anaona rangi imeliwa kwenye ukingo wa boneti. Anarudi kwa tajiri na hasira. Tajiri anamgeukia kibarua: "Umeharibu wewe, utalipa wewe." Mshahara wa mwezi mmoja unakwenda, pengine wa miezi miwili. Hakuna aliyepima rangi kabla ya kazi. Hakuna aliyeuliza gari lilifika katika hali gani. Hakuna aliyeuliza kama yule kijana alipata kufundishwa.

Msimamo wetu ni huu: kupiga polishi kwa mashine ni ufundi, si kibarua cha mtu yeyote aliyepita njiani. Mwajiri anayetaka ufundi afundishe, atoe vifaa vinavyofaa, na alipe kama fundi anavyolipwa. Asipofanya hivyo, hasara ni yake mwenyewe. Haina haki kukatwa katika mshahara wa mtu mwingine. Lakini ili tuweze kusimama mbele ya mwajiri na kusema hivyo, hatuna budi tuijue kazi yenyewe. Mfanyakazi asiyeijua kazi yake hushindwa kujitetea hata pale ambapo haki iko upande wake.

MIKWARUZO INATOKA WAPI

Watu wengi hudhani ile miviringo imechorwa na mashine, kwa kuwa mashine huzunguka. Mara nyingi si kweli. Mikwaruzo mingi huletwa na kuosha vibaya. Vumbi la barabara zetu lina chembe za mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko rangi yoyote ya gari. Mtu akipangusa gari kavu kwa kitambaa, anazisugua chembe hizo juu ya rangi. Akiosha gari tatu kwa ndoo moja, ya kwanza imetoka matopeni, basi ile ya tatu anaisugua kwa matope ya ile ya kwanza. Kitambaa kikianguka chini na kuokotwa bila kusuuzwa, kimegeuka msasa.

Sasa kwa nini mikwaruzo inaonekana kama duara? Sababu ni mwanga. Mikwaruzo huenda kila upande, lakini jua linapopiga, inayong'aa ni ile tu iliyokaa kukingama na mwanga. Kwa hiyo jicho huona miviringo kulizunguka lile doa la jua. Ukisogea hatua moja, miviringo nayo inasogea pamoja nawe. Hiyo ni dalili ya mikwaruzo ya kuosha.

Mikwaruzo ya mashine ina sura nyingine. Mashine ya kuzunguka tu, ikishikwa vibaya au ikiwekewa pedi ngumu, huacha mistari mipana yenye kivuli, iliyopinda kufuata njia ambayo mkono wa fundi ulipita. Mistari hiyo hukaa mahali pake hata ukisogea, ingawa mng'ao wake hubadilika.

Ndugu zetu wa mashine ya polishi, lishikeni jambo hili. Tajiri akikwambia "miviringo hii ni yako", chukua tochi, ipitishe mbele yake polepole, na mwonyeshe. Ikiwa miviringo inalifuata doa la mwanga, hiyo ni ya ndoo na kitambaa, na pengine ilikuwapo kabla gari halijafika kwako. Mtuhumiwa yeyote ana haki ya ushahidi, na tochi hiyo ni ushahidi.

Kuna pia hila moja ambayo yafaa isemwe wazi. Baadhi ya polishi zina mafuta na nta ambayo hujaza mikwaruzo bila kuiondoa. Jioni gari linang'aa kama kioo. Likioshwa mara mbili tatu, mafuta yametoka, mikwaruzo imerudi, na lawama anatupiwa aliyeosha mwisho. Fundi mwaminifu hupangusa mahali alipomaliza kwa spiriti iliyochanganywa na maji, mafuta yatoke, ndipo aone kama kweli mikwaruzo imekwisha. Mwajiri anayekataza upimaji huo kwa kuwa "unapoteza wakati" anauza mafuta kwa bei ya kazi, kisha anamwachia kibarua aje ajibu maswali.

RANGI NI AKIBA, IKITOKA HAIRUDI

Wazee wetu waliopiga polishi magari ya miaka ya 1970, kama zile Fiat zilizoundwa katika kiwanda cha Livingstone, walikuwa na bahati moja. Rangi nyingi za wakati ule zilikuwa rangi mpaka juu. Ukisugua gari jekundu, kitambaa nacho kilikuwa chekundu. Rangi yenyewe ilikuonya kwamba inapungua.

Tangu miaka ya 1980 viwanda vingi vya magari vimeenea kutumia rangi ya tabaka. Chini kabisa kuna bati, juu yake praima, halafu rangi yenyewe, na juu ya yote utando usio na rangi, ambao mafundi huuita kliya. Kliya ndiyo inayong'aa, ndiyo inayoikinga rangi isiliwe na jua, na ndiyo inayopata mikwaruzo. Unaposugua kliya, kitambaa hakibadiliki rangi, wala hakuna onyo lolote. Onyo la kwanza ni lile doa lililofifia, na hapo umechelewa. Dawa iliyobaki ni kupaka upya.

Kliya hiyo ina unene gani? Kwa kawaida ni kama maikroni 40 hadi 50, na maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu una kama maikroni 70. Rangi yote, kutoka bati mpaka juu, mara nyingi ni maikroni 100 hadi 150. Basi fahamuni: kijana anayepewa mashine nzito na kuambiwa "ling'are kabla ya jua kuchwa" anafanya kazi juu ya kitu chembamba kuliko unywele wake.

Na kupiga polishi si kuongeza kitu, ni kupunguza. Mkwaruzo ni bonde dogo. Mashine haijazi bonde, hushusha kilima mpaka kilingane na bonde. Tuchukue mfano wa hesabu ya darasani. Kliya ni maikroni 40. Kila upigaji mkali unaondoa maikroni 4. Baada ya mara tano umekula 20, yaani nusu ya akiba yote. Gari la kikazi linalooshwa kwa ndoo moja kila siku na kupigwa mashine kila baada ya miezi michache litafika huko upesi. Waliopita wote walikula sehemu yao, lakini atakayelipishwa ni yule aliyekuwa ameshika mashine siku akiba ilipokwisha. Hapo ndipo penye dhuluma. Deni la wengi linawekwa juu ya mgongo wa mmoja, na huyo mmoja ndiye mwenye mshahara mdogo kuliko wote.

Kipimo cha unene wa rangi kipo. Ni kifaa kidogo kinachoenea kiganjani. Ukikigusisha kwenye boneti kinasema ni maikroni ngapi. Hakifai kwenye bampa za plastiki, kwa kuwa vipimo vya kawaida vinahitaji chuma au aluminiamu chini ya rangi, lakini milango, boneti na paa vinapimika. Tajiri mwenye uwezo wa kununua mashine mbili za polishi hawezi kutuambia kwamba kipimo kimemshinda.

MASHINE NA MKONO UNAOISHIKA

Mashine za polishi ni za namna mbili. Ya kwanza huzunguka tu, kwa kiasi cha mizunguko 600 hadi 3,000 kwa dakika. Ina nguvu, inakata haraka, na inachoma haraka. Ya pili huzunguka huku ikiyumba, na ukiikandamiza sana pedi yake huacha kuzunguka. Ni ya polepole, lakini ndiyo inayomfaa anayejifunza, kwa sababu humsamehe makosa madogo.

Ipo pia ya tatu, ambayo kwa kweli si mashine ya polishi. Ni grenda ya kukatia chuma, iliyovuliwa kinga yake na kuvalishwa pedi ya sufu. Grenda ndogo huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Mwajiri anayempa kibarua grenda ya namna hiyo apigie polishi hana haki kabisa ya kuzungumza juu ya rangi iliyoungua. Na rangi ni jambo dogo. Pedi ikiachia kwa kasi hiyo inaweza kumtoa mtu jicho.

Kwa mwenye mashine inayofaa, kanuni za kazi ni chache, na tunazitaja ili kila mmoja azijue na amfundishe mwenzake.

Gari lioshwe kwanza kwa maji mengi, kuanzia paa kwenda chini, magurudumu mwisho na kwa kitambaa chake. Ziwepo ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa. Kazi ifanywe kivulini, bati likiwa limepoa. Kingo, mikunjo ya bati, nembo na mipira ya vioo vifunikwe kwa utepe wa karatasi, maana kliya ya kwenye kingo ni nyembamba na ndiyo inayoliwa kwanza.

Anza na pedi laini kuliko zote na polishi laini kuliko zote, mahali padogo, upime kwa tochi. Ikitosha, endelea hivyo hivyo gari zima. Isipotosha, ndipo upande hatua moja ya ukali. Anayeanza na kali amekwisha kula akiba kabla hajajua kama ilihitajika.

Fanya eneo dogo kwa wakati mmoja, urefu wa mkono kutoka kiwiko mpaka vidole, mraba. Peleka mashine polepole, kila njia ifunike nusu ya njia iliyotangulia, kwanza kwa urefu na halafu kwa kukingama. Usiache mashine isimame mahali pamoja. Gusa bati kwa kiganja mara kwa mara. Likikushinda kwa moto, acha mpaka lipoe. Safisha pedi kila unapomaliza eneo, maana pedi iliyojaa uchafu inaleta mikwaruzo mipya. Na mkwaruzo ambao ukucha unanasa ndani yake, usiufuate kwa mashine. Huo umekwenda chini mno. Ukiufuata utafika kwenye rangi kabla hujafika mwisho wake.

Kwa kazi hiyo, gari moja lenye mikwaruzo mingi linachukua siku nzima ya fundi, pengine na zaidi. Anayedai magari matatu kwa siku anadai kazi mbovu, na kazi mbovu ikitokea asijifanye ameshangaa.

MWILI HAUNA SPEA

Sasa tuzungumze juu ya mwili wa mfanyakazi, ambao ni ghali kuliko boneti yoyote.

Umeme na maji havikai pamoja. Mashine ya polishi hutumika mahali ambapo dakika chache zilizopita pameoshwa gari. Waya ukiwa umechubuka, na kijana amesimama majini kwa kandambili, kifo kiko karibu. Sehemu ya kuoshea itengwe na sehemu ya polishi. Waya upitishwe begani, usiburuzwe sakafuni, na ukaguliwe kila asubuhi. Iwekwe swichi inayokata umeme yenyewe unapovuja. Mwaka 2024, ukame ulipopunguza maji ya Kariba na umeme wa nchi nzima ukakatwa kwa saa nyingi kila siku, palikuwa na vibarua walioamshwa usiku wa manane kupiga polishi kwa sababu umeme umerudi. Mtu mwenye usingizi, gizani, sakafu mbichi, na mashine ya umeme mkononi! Tunasema wazi kwamba hakuna mng'ao wa gari unaostahili hatari kama hiyo.

Kuna mtikisiko. Mashine inayotikisa mikono kwa saa nyingi, siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka, huharibu mishipa ya damu na ya fahamu ya vidole. Mtu huanza kuhisi ganzi na kuchomachoma, kisha hushindwa kufunga kifungo cha shati, kisha nguvu ya kushika hupungua. Wenzetu wa mashamba wanaotumia msumeno wa injini na mashine ya kukatia nyasi wanaufahamu ugonjwa huu, hata kama hawakupata kuambiwa jina lake. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliweka kanuni mwaka 2002 kwamba mtikisiko ukifika mita 2.5 kwa sekunde ya mraba katika siku ya saa nane, mwajiri lazima achukue hatua, na usivuke kabisa 5. Sisi hapa hatuna vyombo vya kupimia, lakini tunaweza kudai mapumziko, kupokezana, na mashine isiyo mbovu. Ganzi ya vidole isifichwe. Apewe taarifa mwakilishi wa wafanyakazi mapema.

Kuna kelele na kuna vumbi la polishi iliyokauka. Kuna pia magari ya zamani ambayo rangi yake inaweza kuwa na risasi, hasa yanapopigwa msasa mkavu. Vizibo vya masikio, miwani ya kazi, barakoa na glovu si zawadi ya mwajiri, ni sehemu ya mashine, kama ilivyo pedi. Nguo zisiwe na mikono mipana wala nyuzi zinazoning'inia, kwa maana pedi hukamata kitambaa na kuvuta mkono.

Na tusilisahau ziwa letu. Iko tabia ya kuingiza magari mpaka ufukweni na kuyaoshea majini. Kwanza ni hasara kwa rangi, maana maji ya ukingoni yamejaa mchanga. Pili ni hasara kwetu sote. Kila mwaka, kuanzia mwanzo wa Desemba mpaka mwisho wa Februari, uvuvi hufungwa ili samaki wazaane, na familia nyingi hapa hufunga mkanda kwa miezi hiyo mitatu. Haifai mvuvi ajinyime halafu sisi tuyamwagie mafuta, sabuni na maji ya polishi yale yale maji ya kina kifupi ambamo samaki wadogo wanakua. Gari lioshwe nchi kavu, mbali na ufuko.

HAKI IKO WAPI

Waajiri wengine hudhani mshahara ni mali yao mpaka watakapoamua kuutoa. Sivyo. Mkataba namba 95 wa mwaka 1949 wa Shirika la Kazi Duniani unasema kwamba mshahara hukatwa kwa masharti na kwa kiasi kilichowekwa na sheria ya nchi, au na mapatano ya pamoja, au na uamuzi wa wasuluhishi. Haukatwi kwa hasira ya tajiri. Nchini Zambia iko Sheria ya Kanuni za Ajira, namba 3 ya mwaka 2019, na makato ya mshahara ni lazima yatokane na sheria. Iko pia Sheria ya Afya na Usalama Kazini, namba 36 ya mwaka 2010, inayomwekea mwajiri wajibu wa kulinda afya na usalama wa watu wake. Na mwezi Juni 2022 Shirika la Kazi Duniani liliamua kwamba mazingira ya kazi yaliyo salama ni moja ya haki za msingi za mfanyakazi. Aliyeumia kazini asinyamazishwe kwa nauli ya kumrudisha kwao. Iko Bodi ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, yenye makao makuu Ndola, na ajali lazima itolewe taarifa.

Tunajua watakaotujibu. Watasema: "Je, kibarua akizembea?" Tunajibu kwamba chama hakitetei uzembe. Mtu aliyefundishwa, akapewa chombo kinachofaa na wakati wa kutosha, kisha akaharibu kwa makusudi, zipo taratibu za kumshughulikia, naye asikilizwe kwanza. Watasema tena: "Vifaa ni ghali." Tunajibu kwamba ndoo ya pili na vitambaa safi ni rahisi kuliko kupaka boneti upya, na mwajiri anayeosha vizuri atahitaji mashine mara chache.

Tunajua pia swali la baadhi yenu wenyewe: "Sisi tunachuma chai, sisi tunashona magunia; magari ya wakubwa yanatuhusu nini?" Yanawahusu. Mchumaji anayekatwa pesa kwa majani aliyoambiwa ayachume mbio, mfumaji anayelipishwa nyuzi zilizokatwa na mashine kuukuu, na kijana anayelipishwa kliya iliyoliwa na miaka kumi ya ndoo moja, wote watatu wanaibiwa kwa ufunguo mmoja. Ufunguo huo ni kumnyima mfanyakazi mafunzo na chombo, kumharakisha, kisha kumtoza matokeo.

TUNAYODAI

Kwanza, kila gari liandikiwe daftari. Kabla ya mashine kuwashwa, iandikwe hali ya rangi, unene wake kama kipimo kipo, tarehe za polishi zilizopita, na mwenye gari atie sahihi. Kibarua asiyejua kuandika asomewe, na mwakilishi wa wafanyakazi abaki na nakala. Daftari la ukurasa mmoja litaokoa mishahara mingi.

Pili, asikabidhiwe mtu mashine ya polishi kabla hajafundishwa kwenye bati bovu, boneti la gari lililokufa, mpaka mkono wake uzoee. Mafunzo hayo yawe ndani ya saa za kazi na yalipwe.

Tatu, grenda isitumike kwa polishi popote pale.

Nne, anayepiga polishi aandikwe na kulipwa kama fundi, si kama mfagizi wa uwanja.

Tano, makato yote ya "rangi iliyoharibika" yasimame mpaka shauri lisikilizwe mbele ya mwakilishi wa wafanyakazi, na yakiendelea, shauri lipelekwe kwa Afisa Kazi.

Na ninyi mliotoka ng'ambo, msidhani kwamba kwa kuwa karatasi zenu ni za kigeni basi jasho lenu ni la bure. Kibarua wa Pweto akikubali kukatwa mshahara leo, kesho atakatwa wa Kashikishi, na keshokutwa wa shambani. Tajiri haulizi lugha anapokata, nasi tusiulizane lugha tunapokataa.

Wiki hii, kabla hamjashika kazi, kaeni pamoja mahali mnapofanyia kazi, wachaguliwe wawili wa kulishika daftari, na waleteni kwa mwakilishi wa chama. Kalamu na daftari tutawapa.